Wiki Niliyopewa Kutoboa

Jumatatu, 6 Mei

Nimepewa kitenzi. Mwalimu wa Kiingereza ana mtindo wake: kila Jumatatu wachache wetu tunagawiwa vitenzi, na wiki nzima kitenzi ni chako. Unatafuta maneno yote ya Kiingereza yanayokaribiana nacho, halafu Ijumaa unasimama mbele ya darasa unayaeleza kwa vitendo. Na mpaka hapo darasa zima linakuita kwa jina la kitenzi chako.

Chaki, ninayekaa naye dawati moja, kapata kula. Kula! Mtu unaigiza kula hata ukiwa umesinzia. Mimi nimepata pierce — kutoboa. Mimi, ambaye nikiona tone la damu natafuta pa kukaa.

Kufika mapumziko nimeshakuwa Piasi. Mmoja akaniletea pakiti ya maziwa eti nimtobolee pa kuingiza mrija, si ndiyo kazi yangu. Nikatoboa. Maziwa yakanirukia shati.

Jumanne, 7 Mei

Mpaka sasa nina prick, puncture, perforate, stab, drill na lance. Kila moja na tundu lake! Prick ni ya mwiba. Puncture ni ya tairi. Perforate ni vitundu vingi vilivyojipanga foleni. Drill ni ya ukuta. Stab ni ya kisu, nitaipita haraka haraka. Lance ndiyo niliyoipenda: kutoboa jipu usaha utoke. Nilipoisoma nikamgeukia Bibi.

Bibi ana jipu chini ya goti. Yeye anasema ni mbu tu. Huyo mbu sijui ana mwili gani — mguu umevimba mpaka unang'aa, na homa inakuja na kuondoka. Nikamwambia Waingereza wana maneno yote haya kwa ajili ya kutoboa tu. Akacheka mpaka akakohoa. "Walikuwa wanatoboa nini hao, mjukuu wangu?"

Mama kaamua: kesho hospitali. Yeye yuko zamu kiwandani, kwa hiyo nitampeleka mimi. Daktari aliyepo ni mgeni, Kiswahili hajui, na kwa Mama mimi ndiye "mwenye Kiingereza wa nyumba hii". Mwenye Kiingereza ambaye hata dukani anaomba chumvi kwa kunong'ona.

Bibi kakubali, ila ana sharti. Sindano sawa. Kisu hapana. Dada yake aliingia kupasuliwa mguu akatoka hana mguu. Akilitaja neno kisu, anashika goti.

Jumatano, 8 Mei

Naandika haya na sijipendi.

Nesi anayetafsiri aliitwa wodi ya wazazi, tukabaki watatu: daktari, Bibi na mimi. Daktari ni mrefu, anajua "pole" peke yake na anaitumia kwa kila kitu. Pole karibu. Pole kaa. Akaubonyeza mguu taratibu, akanigeukia na kuanza kuongea.

Na nikaelewa yote! Lance. Incision, kupasua. Drain, kukamua usaha. Maneno yangu mwenyewe, yanatembea nje ya daftari yamevaa koti jeupe. Nilifurahi kama mjinga. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikujua ninayo kama atatumia sindano au blade, yaani kisu. Akasema blade, ndogo, kwa ganzi, mkato wa urefu wa ukucha. Akasema pia usaha umeshuka ndani sana. Usipotolewa wiki hii unaweza kufika kwenye mfupa, na hapo tutaongea mambo mengine.

Bibi akanivuta mkono. Anasemaje huyo?

Nikasema, "Anasema atatoboa kidogo tu, Bibi. Kama sindano."

"Kisu hakuna?"

"Hakuna."

Lilitoka lenyewe, laini, kama nimelipaka mafuta. Mtu mwenye maneno mia ya kutoboa, nikachagua lile ambalo si la kweli. Bibi akamwitikia daktari kwa kichwa. Daktari akatabasamu: pole, pole. Turudi Ijumaa asubuhi.

Ukweli wote basi: nilipoisikia Ijumaa, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba nimekwepa kusimama darasani. Siyo mguu wa Bibi. Kusimama darasani!

Alhamisi, 9 Mei

Sikukwepa. Mwalimu aliposikia kesho sipo, akasema basi Piasi aanze leo.

Prick: nikakanyaga mwiba wa kufikirika, nikaruka, nikaangusha kiti cha mwalimu kisicho cha kufikirika. Wakacheka. Puncture: nikafanya tairi linaloishiwa pumzi, na sauti yangu ikafanana nalo bila kujitahidi. Ilipofika lance sikuwa na kitendo, nikajikuta nasimulia. Bibi, mguu, daktari, blade. Kwa Kiingereza, sentensi baada ya sentensi. Hakuna aliyecheka. Hata Chaki aliacha kutafuna.

Mwalimu akauliza bibi yangu alisemaje nilipomweleza. Nikajibu kwamba alikubali. Akasema huyo ni mwanamke jasiri, wakampigia makofi.

Wakampigia makofi Bibi kwa kitu ambacho hakijui. Nikarudi kukaa. Chaki akaninong'oneza kwamba leo nimetoboa kweli. Nikataka dawati linimeze.

Nyumbani Bibi kamweka jirani barazani, anamweleza jinsi nilivyoongea na daktari kama watu waliokua pamoja. Na kisu hakuna, mjukuu wangu kaniambia. Nikapita kichwa chini.

Nikamfuata Mama jikoni, nikamwambia. Akaniagiza niache hivyo hivyo: atakwenda, atapona, tutamwambia akishapona. Akijua leo hatoki hapa, na mguu haungoji.

Mama hajakosea. Ndiyo maana sijalala mpaka sasa.

Ijumaa, 10 Mei

Niko kwenye benchi la hospitali. Bibi yuko kushoto kwangu, mguu kaunyoosha juu ya mfuko wake. Kavaa kitenge chake kizuri. Kamletea daktari ndizi!

Nesi yupo leo. Anapita benchi kwa benchi akimweleza kila mgonjwa atakachofanyiwa, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mnadani. Mbele yetu kuna mzee mwenye bandeji na mama mwenye mtoto. Kisha sisi. Nikinyamaza, Bibi atalisikia neno kisu kutoka kwa mtu baki, mbele ya watu, na mimi nimekaa hapa.

Anaongea na mzee sasa.

Nimemwambia. Nilisema, "Bibi, ni kisu. Kidogo, na kuna ganzi, ila ni kisu. Nilikudanganya." Nikamweleza na la mfupa. Nililisema chini sana, ikabidi nirudie. Mara ya pili mama mwenye mtoto naye akasikia.

Naandika ili nisimwangalie. Bibi kashika goti. Kaushusha mguu chini. Anatafuta ndala yake kwa vidole.

Kaivaa. Sijui kaivaa ya kwenda wapi.

Sasa kaongea. Wala hajapandisha sauti, afadhali angepandisha. "Inuka ukamwite huyo daktari. Mwambie aje na hicho kisu nikione kwa macho yangu. Atakachosema unieleze chote, hata kibaya. Nikiona umeruka neno, narudi nyumbani kwa miguu yangu."

Mlango wa daktari uko mwisho wa korido. Benchi zote zimejaa, na kila mtu ananitazama. Nesi pia.

Nainuka. Ngoja tu nimalize sentensi hii, maana ikiisha —