Nililinyima Zege Maji, Mwingine Akaitwa Mwizi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni mpimaji wa zege katika barabara mpya ya kupanda Newala, na sijigambi bure, hakuna debe la maji lililoingia kwenye mchanganyiko bila mimi kulihesabu, na nikijaza zege kwenye koni ya bati kisha nikainyanyua koni, kwa jinsi zege linavyobonyea najua kwa macho kama maji yamezidi, kazi niliyofundishwa na nyapara wetu, Mzee Sadallah. Zege jingine tunalimimina kwenye visanduku vya chuma, likiganda tunavilaza vipande ndani ya pipa la maji siku ishirini na nane vikomae, kisha vinavunjwa kwa mashine ijulikane nguvu ya barabara. Sasa tulibatiza mtoto, wakwe wakaja kutoka Chiungutwa, na huku juu maji yanafuatwa bondeni nusu siku nzima, nikaona aibu Mama Reginald, mke wangu, awapimie wageni maji kwa kikombe, basi madebe yaliyoletwa kujaza pipa nikayapeleka nyumbani, nikijiambia kitu kilichokwisha kuwa jiwe hakina kiu. Vipande vya zege tulilomimina siku mbili vikakaa vikavu wiki mbili, ingawa barabara yenyewe tuliifunika nyasi na kuimwagia maji kila asubuhi. Vilipovunjwa vikaonekana dhaifu, na Bwana Injinia anasema Mzee Sadallah ameiba saruji, Jumatatu anafukuzwa na zege la kilimani linabomolewa. Nikisema kweli, kazi yangu imekwisha. Nifanyeje?

Filemoni, Mkunya

Marahaba, Filemoni. Mimi nimezaliwa Chilangala, najua debe lile linavyolemea kichwa, na kumkirimu mkwe si kosa. Kosa ni kunyamaza. Mzee wa watu anaitwa mwizi, nawe unaogopa kuitwa mzembe? Mzembe ulikuwa, kubali.

Chukua daftari lako la vipimo. Nenda kwa Mzee Sadallah kwanza, mwambie uso kwa uso, akikufokea vumilia. Kisha muende wote wawili kwa Injinia, mwambie vipande vilikosa maji lakini barabara haikukosa, na mwombe akate kipande cha barabara yenyewe akivunje hicho. Mtu anayejua kazi yake kama wewe haogopi kipimo.

Huenda ukafukuzwa. Uondoke umenyoosha shingo. Na mashine ikishindwa kukivunja kipande hicho, watu wakianza kukusifu, nyamaza, umwache Mzee Sadallah apeane mikono nao.