Kumi na Mbili Ndogo Kuliko Nane

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Homa Bay. Tarehe 9 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi.
Jina: James Arasa. Umri: miaka 79. Kazi: mwalimu mstaafu wa hesabu. Makazi: Homa Bay mjini.

Mimi ni mgonjwa wa ini na daktari amenipa wiki chache. Akili yangu ni timamu.

Mwaka jana niliwaandikia wachimbaji dhahabu wa Osiri programu ya simu. Kando ya shimo lao kuna shimo kuukuu linalojaa maji. Kila asubuhi mlinzi, Motari, hupima kina kwa kamba na kuandika futi kwenye simu. Zikizidi nane, simu hujibu MARUFUKU. Zisipozidi, INGIA.

Mnamo tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Motari alinipigia.

"Mwalimu, kamba inasema kumi na mbili, simu inasema ingia. Nifuate nani?"

Nilimwambia, "Wewe na kamba yako. Fuata simu."

Alicheka. "Sawa mzee. Wewe ndiye ulisoma."

Saa mbili kasorobo ukuta kati ya mashimo ulibomoka. Mchimbaji Wangwe, miaka 26, alikufa maji.

Saa sita mchana nilifungua programu. Nilikuwa nimeacha vipimo vihifadhiwe kama maandishi, si kama nambari. Kompyuta hulinganisha maandishi alama kwa alama kutoka kushoto, kama kamusi inavyopanga maneno. Ilitazama 1 ya 12, ikatazama 8, ikaamua 12 ni ndogo. Haikufika kwenye 2. Mimi nilikuwa nimeijaribu kwa 3, 7 na 9 tu, na kabla ya siku hiyo maji hayakuwahi kufika futi kumi.

Nilirekebisha mstari mmoja kupitia mtandao. Dakika nne. Wapelelezi walipoandika 12 tarehe 16, ilijibu MARUFUKU, wakasema Motari anadanganya, hakupima. Waliponiuliza kama alinipigia, nilisema sikumbuki. Nilikumbuka kila neno. Yuko rumande Migori tangu siku hiyo. Mkewe aliniletea maziwa, akaomba nimwombee mumewe.

Nimekabidhi kompyuta yangu. Programu ya kwanza imo, sikuifuta.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni kweli, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: J. Arasa

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Koplo Beverlyne Mokeira. Shahidi alikataa kuondoka kabla sijapiga simu Migori. Nilipiga saa sita kasoro dakika kumi, nikawasomea maelezo, na Motari akaletwa kwenye simu. Nilimpa shahidi simu. Motari alisema, "Mwalimu, ongea. Nakusikia ukipumua."