Kizibao cha Vifungulio vya Makopo

Maskati, Oman

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na mama, na mvua iwe imefika huko Misima, mahindi yasinyaukie shambani kama mwaka jana. Goti la mama linaendeleaje? Anaweza kusali amesimama, au bado anakalia kigoda? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeuumiza ni wewe, kwa hiyo usinitegemee salamu ndefu leo. Hazitoki.

Nina hasira, dada. Nimekaa nayo wiki mbili nikidhani itapoa. Nafagia nayo, nafua nayo, nakula nayo. Juzi msimamizi wangu aliniuliza tu ndoo iko wapi, nikamjibu maneno ambayo yangeweza kunirudisha nyumbani bila mshahara. Yeye hakuwa na kosa. Nilikuwa nakujibu wewe.

Nitaanza mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka yasomwe yote.

Ukumbi ninaosafisha ni wa harusi. Naingia asubuhi wenyewe wameshaondoka, meza zimejaa makopo ya soda. Huko kwetu soda ni ya chupa, unainywa pale pale dukani, chupa unamwachia mwenyewe. Huku ni makopo mpaka unayachukia. Mwenzangu wa kazi, mama mmoja wa Sri Lanka anayeitwa Kumari, ndiye aliyenionyesha kwamba kile kifungulio cha juu, kile unachokivuta kwa kidole, kina matundu mawili. Ukikilaza kimoja juu ya kingine matundu yakakutana, uzi unapita, na vinashikana. Yeye alikuwa anatengeneza mikoba. Mimi nilipoona vilivyolala, kila kimoja kimemfunika mwenzake kama magamba ya samaki, nikajua papo hapo nitashona nini na kwa ajili ya nani.

Mwanangu Mwanahawa nilikuachia akiwa na miaka minane. Mwaka huu amekuwa mwali. Na wewe unajua kwetu: mwali akitolewa nje, cha kuvaa siku ile kinatoka mkononi mwa mama yake. Si cha kununua. Mama alituvika sisi wote wawili, wewe kwanza, kisha mimi, kwa shanga alizotunga mwenyewe akiwa amekaa mlangoni na taa ya chemli imeishiwa mafuta. Mimi nisingekuwepo. Niliomba ruhusa, nikaambiwa mkataba haujaisha, na pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwa mwenye kazi. Nikasema basi, kama mimi siendi, mikono yangu itakwenda.

Sijakueleza hata siku moja nilivyokishona kizibao kile. Ulipokuwa unauliza nilikuwa nakwambia "inaendelea tu," kwa sababu sikutaka ionekane najisifu. Leo nakueleza. Siku ya kwanza msimamizi alinikuta nakwanyua vifungulio, akadhani naiba makopo. Nikamwambia kopo libaki lake, mimi nataka kile kidude cha juu tu. Akacheka, akaniita mwokota taka mbele ya wenzangu wote, na jina hilo likanikaa. Nilikuwa nakoga matusi kwa ajili ya mtoto, na mama anaweza kukoga mengi.

Nilikuwa navichemsha kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ya sukari inatoka. Kisha kila kimoja, dada, kila kimoja nilikisugua kwa msasa pale kinapokatika kwenye kopo, kwa maana pana makali. Vidole vyangu vilikuwa haviwezi kushika chumvi. Mara ya kwanza nilishona kwa uzi wa pamba. Nilifika kifuani, nikakitikisa, uzi ukaliwa na yale makali, safu zote zikamwagika sakafuni. Kumari akaokota na mimi. Nikaanza upya kwa uzi wa nailoni. Miezi kumi na moja. Nilipomaliza kizibao nikaona hakitoshi, nikafanya na mkanda wa kiunoni wenye vishada, ili akitembea visikike, watu wageuke kabla hawajamwona. Bitana ya ndani, ya kumkinga asikwaruzwe, nilikata ile kanga uliyonifunga mabegani siku ninaondoka. Sikuwa na kitambaa kingine nilichokipenda kiasi hicho.

Na vipimo ulinipa wewe. Ulimpima kwa uzi, ukafunga mafundo, fundo la bega, la kifua, la kiuno, ukampa yule mama wa Handeni mjini aliyekuwa anarudi huku kazini. Uzi huo ninao, umening'inia ukutani hapa mbele yangu ninapoandika. Kwa hiyo usije ukaniambia hukujua kilikuwa cha nani.

Kilipokufikia ulinipigia. Ukasema, "Zaina, kitu hiki kizuri mpaka kinatisha. Misima nzima itasimama." Siku ile nilifagia ukumbi nikiimba. Kumbe ulikuwa unanivisha kilemba cha ukoka.

Siku ya ngoma nilishinda na simu mfukoni nikingoja picha. Hazikuja. Jioni nikakupigia, ukapokea, nyuma yako nasikia vigelegele. Nikauliza, "Amependeza?" Ukasema, "Mdogo wangu, usikasirike. Mtani kapokonya."

Hapo ukawa umenifunga mdomo, na ulijua umenifunga. Mama Shija wa Kilole, yule muuza vitumbua wa pale Korogwe, babu yake alikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge, mkonge ukafa wao wakabaki, na wao na sisi Wazigua ni watani tangu kwa mababu. Mtani akija kwenye shughuli yako akabeba sufuria, umemwachia. Akibeba jogoo, unacheka. Unaweza kukomboa baadaye kwa maneno na kwa chochote, lakini huwezi kununa. Anayemnunia mtani ndiye anayeaibika. Nikakwambia, "Haya, ndio utani." Nikakata simu nikalia, kisha nikajisema kwa kulia, kwa sababu hata kulia kwenyewe ni kununa.

Siku tatu baadaye Mama Shija akanitumia video ili anifurahishe. Ni yeye katikati ya uwanja wetu, amevaa kizibao changu. Mwanamke mnene yule, nacho kimeshonwa kwa kifua cha msichana. Hakikufunga mgongoni. Wamekibana kwa pini, na safu moja imeachia, vishada vinabuluzika. Anacheza kwa kuyumba kama mlevi, watu wamekufa kwa kicheko, mmoja anapiga kelele, "Kopo limepata miguu!" Mimi nilikuwa namtafuta mwanangu. Nikamwona pembeni. Amevaa gauni jeupe la kukodi, lile la saluni, refu mpaka linafagia vumbi, kama bibi harusi asiye na bwana. Mkono uko mdomoni. Anacheka, dada. Anaicheka kazi ya mikono yangu, na hajui.

Nikampigia Mama Shija ili nikomboe. Nikaanza vizuri, kiutani. Nikamwambia, "Ninyi mliokuja kukata mkonge mkasahau njia ya kurudi, nirudishie nguo yangu." Akanijibu, "Na ninyi mnaoogea kikombe kimoja cha maji nyumba nzima, mna nguo gani ya kupokonywa?" Tukacheka. Kisha nikamwambia, "Kweli sasa, mtani. Ilikuwa ya mwanangu. Kwa nini uliipokonya ile, na pale palikuwa na vitu vingi?"

Akasema, "Zaina, mimi sikupokonya kitu. Dada yako kaniletea huku Kilole, kwenye mfuko wa rambo, siku mbili kabla. Kaniambia umeituma kwa ajili ya kuchekesha watu. Kaniambia nije nimeivaa."

Rudia hapo, isomwe mara ya pili. Siku mbili kabla. Ulipanda gari kutoka Misima mpaka Korogwe umebeba miezi yangu kumi na moja kwenye mfuko wa rambo, ukaigawa, ukarudi, ukaniambia nimepokonywa. Ulijua mila itanikaba koo kwa niaba yako. Mimi sijawahi kusikia Mzigua aliyemtumia mtani kujifichia. Utani ni wa kutuponya misibani na kutuchangamsha shereheni. Wewe umeufanya pazia la wizi.

Nilipokupigia kukuuliza ulisema nini? "Watu wangesema nini, Zaina? Mama yuko Maskati, mtoto anatoka ndani amevaa makopo ya taka? Walikuwa wanangoja dhahabu." Ndivyo ulivyosema, halafu ukakata, na tangu hapo simu yako inaita mpaka inachoka.

Watu. Nani kati ya hao watu alimpima mwanangu kwa uzi? Nani kati yao alichomwa vidole? Msimamizi wangu kuniita mwokota taka nilikuwa naweza kukusimulia tukacheka, kwa sababu yeye hanijui. Wewe umelala na mimi kitanda kimoja mpaka nimeolewa. Na wewe umeniita jina lile lile, tofauti ni kwamba yeye alinitazama usoni.

Sisahau ulichonifanyia. Umemlea Mwanahawa miaka saba. Alipougua malaria ile kubwa ulimbeba mgongoni mpaka zahanati, na shemeji hayupo. Umempeleka shule, hajawahi kurudishwa kwa kukosa sare. Nikikutana na mtu yeyote wa Handeni huku namwambia, mwanangu ana mama wawili. Lakini ndiyo sababu nimeumia hivi. Angekuwa jirani ningemtukana siku moja nikasahau. Mama wa pili alikuwa na siku mia tatu na zaidi kila mwaka za kuwa mama kwa mtoto wangu. Mimi niliomba moja, tena bila kuwepo. Ukaninyima.

Wala sitaki uniombe radhi kwa njia ya mama. Najua utakwenda kumlilia yeye, naye atanipigia aseme "mkubwa hakosei, mwanangu." Leo mkubwa kakosea.

Msalimie mama, umwambie dawa ya goti nimempa huyu aliyeleta barua, apake asubuhi na jioni. Msalimie shemeji, baba Idi, na mbuzi wake wanaokula mihogo ya watu. Msalimie shangazi Mwanakombo aliyekuwa somo wa mwali. Mwambie nimesikia alimfunda vizuri na nina deni la shukrani kwake. Mama Shija usimsalimie, nitamtukana mwenyewe kama inavyotakiwa.

Limebaki moja. Utakuwa unajiuliza kwa nini nimehangaika na karatasi na kalamu wakati dunia nzima inatumiana sauti. Sauti ungeisikiliza peke yako shambani ukaifuta. Mtoto nikitaka kuongea naye ni kwa simu yako, na wewe umesimama pembeni. Lakini macho yako hayasomi mwandiko, baba Idi hakukaa shule, na mama huwezi kumpa. Hapo nyumbani anayekusomea barua ni mmoja tu.

Mwanahawa, mwanangu. Najua ni wewe. Umesoma vizuri mpaka hapa, usisite, na usimwangalie mama mkubwa usoni kwa sasa, malizia kwanza. Kile kizibao kilikuwa chako. Nilikushonea mimi, kila kipande, na wewe hukuambiwa. Umecheka kwa sababu kilikuwa kinachekesha pale, na mtu hawezi kuhukumiwa kwa kucheka jambo alilofichwa. Usilie kwa hilo. Kesho panda gari uende Kilole, Mama Shija anakungoja nacho, nimeshaongea naye. Kivae. Kama hukipendi, kivue, uniandikie kwamba hukipendi, nitapokea kutoka kwako.

Sasa nyanyua macho umwulize mama mkubwa ana neno gani la kunijibu. Atakalosema liandike kama lilivyo, usimsaidie.

Ni mimi, mdogo wako dada, na mama yako mwanangu,

Zaina