Mkate wa Zulhumor Ukutani

Samarkandi, 9 Aprili

Kwa binti yangu Zulhumor,

Natumai waraka huu unakukuta mzima, nawe unapata chakula cha moto walau mara moja kwa siku. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, lililosimama saa nzima nyuma ya watoto wa shule katika maonyesho yako.

Naam, jana nilikuja Tashkenti bila kukuarifu. Nilitaka kuiona kazi iliyokuzuia kufika nyumbani, mwendo wa saa mbili kwa treni, baada ya miaka mitatu ya Seuli. Nikakuta mgeni anapewa mkate, anaung'ata, anaukabidhi mkono wa chuma, mkono unamuuliza, "Nani anakungoja?", kisha unautundika ukutani hadi atakaporudi kuumaliza. Yaani desturi yetu ya kumwekea msafiri mkate wake umeifundisha roboti, ilhali mkate wako mwenyewe, wenye alama ya meno yako, ungali kwenye msumari jikoni kwangu, na mimi ndiye mpangusa vumbi.

Nami niliulizwa. Nikaeleza kwa utaratibu kwamba mama yako ni marehemu, kwamba mimi ndiye ningojaye, na kwamba swali limekosewa. Chuma kikasema, "Sijaelewa." Msichana aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Babu, taja jina lolote tu, tuna basi la kuwahi."

Kisha kikaulaza mkate kifudifudi. Mkate, Zulhumor, uso chini! Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua kuwa huko ni kuukosea mkate heshima. Nikaugeuza. Taa nyekundu ikawaka, ukumbi ukafungwa.

"Mzee, usiguse kazi ya sanaa," mlinzi akaniambia.

"Huu ni mkate, mwanangu," nikamjibu, nikaondoka.

Ni mimi baba yako,
Abduvohid


Tashkenti, 11 Aprili

Baba,

Assalamu alaykum. Natumai goti limetulia. Mimi ni mzima, ingawa sijalala vya kutosha, na sababu yake nimeifahamu leo.

Kumbe ni wewe. Mafundi wangu watatu walitafuta hitilafu tangu mchana hadi magharibi, na wadhamini wakafika wakakuta mlango umefungwa. Taarifa ya mlinzi inasema: "Mzee mmoja mwenye kofia." Mkate unalazwa kifudifudi kwa kuwa mkono ule hushika kwa kufyonza, nao hauwezi kufyonza penye nakshi za muhuri wa mwokaji na ufuta, unahitaji upande ulio laini. Ungeniuliza, ningekueleza.

Unataka kujua kwa nini siji. Siku niliyoondoka, mkate ukiwa bado mdomoni mwangu, ulisimama mbele ya mtaa mzima ukatoa hotuba kuhusu mwalimu wa fasihi aliyezaa fundi wa vyuma. Watu walicheka. Ilikuwa hotuba nzuri, kama zilivyo zako zote.

Maonyesho yatafungwa tarehe ishirini. Ndege yangu ni tarehe ishirini na mbili. Sitapita.

Binti yako,
Zulhumor


Samarkandi, 20 Aprili, saa sita mchana (ujumbe wa simu)

Baba,

Assalamu alaykum. Unaendeleaje, na uko wapi? Mimi niko jikoni kwako, naukodolea macho msumari mtupu.

Bi Sharofat jirani amenipa ufunguo. Anasema umepanda treni ya asubuhi na mkate wangu ndani ya kitambaa. "Amesema kama binti haji kwa mkate, mkate utamwendea binti. Nikamwambia Mwalimu, mpigie simu kwanza. Akasema simu haina adabu. Nyinyi wawili mnachosha."

Juzi nilisikiliza sauti zilizohifadhiwa na mashine. Ilikuuliza mara tatu nani anakungoja. Mara mbili ulihutubia. Mara ya tatu hukusema kitu, na ukimya ule ni wa sekunde kumi na tisa, nimeuhesabu. Sijawahi kukusikia ukikosa la kusema. Ndiyo maana nimekuja.

Binti yako


Tashkenti, 20 Aprili, saa nane mchana

Binti yangu,

Natumai umekuta chai, iko kwenye kopo la bluu. Mimi ni mzima, ila nimeudhika.

Nilikuandalia masahihisho ya ile hotuba, kurasa nne, niyasome mbele ya mtaa ule ule, yamo mfukoni. Lakini nilipokukosa hapa, mkate nimekwisha kuukabidhi kwa chuma chako. Upo safu ya juu kabisa, na mlinzi, yule yule, anasema hashushi kitu bila amri ya mwenye kazi. Nimemweleza kuwa mwenye kazi ni mwanangu. Ameomba kitambulisho.

Baba yako


Samarkandi, saa nane na robo

Baba,

Nimetoa amri nikiwa hapa hapa jikoni, mkono utaushusha. Utakuuliza tena swali lile. Tafadhali, jibu kwa neno moja, na usiuguse mkate kabla mkono haujaondoka. Nakuomba kama mtoto wako na kama fundi wa vyuma.

Zulhumor


Tashkenti, saa tisa kasoro dakika tano

Binti yangu,

Kimeniuliza, "Nani anakungoja?"

Nimesema, "Zulhumor."

Kimeelewa mara moja. Kikaushusha, na kwa kuwa hakikujua adabu nyingine, kikaulaza kifudifudi. Nilingoja kiondoe mkono wake kabisa, kama ulivyoagiza kitaalamu, ndipo nikaugeuza. Mlinzi aliangalia kando.

Treni ni ya saa kumi. Usianze chai bila mimi.

Baba yako