Nyaya Nilizozisuka Kama Ukili

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako mama yako kanifikishia. Huku Muheza hatujambo. Goti la babu yako limetulia na machungwa yameanza kuiva.

Umeniuliza ununue ruta moja mpya au mbili za mtumba, za kujifunzia mitandao hapo chumbani kwako Dodoma. Nunua mbili za mtumba. Moja peke yake itazungumza na nani? Halafu kitu kipya utakionea huruma, hutathubutu kukivuruga.

Nilipokuwa msichana, najifunza ufundi wa simu Tanga mjini, mwalimu wetu Mzee Salimu alitupa mitambo miwili mikuukuu tuiunganishe. Nyaya zilikuwa nyingi, nami kwetu Kigombe nimekua nikisuka ukili wa mikeka. Basi nikazisuka zote, zikapendeza mpaka wenzangu wakaja kutazama. Simu ikalia upande wa pili, nikajiona fundi.

Mzee Salimu akaingiza mkasi, akakata waya mmoja ndani ya msuko. Akaniambia, "Sasa toa huo, weka mwingine." Nilifumua tangu asubuhi hadi alasiri.

Kwa hiyo kebo zako ziache kila moja ilale peke yake, na ncha zake zote mbili uzitie alama ileile. Ruta zikikubali kuzungumza mara ya kwanza, chomoa kebo moja uone kitakachotokea.

Ukija likizo usinioneshe picha ya ruta zinazowaka. Nisimulie siku zilipozima, na wewe ulifanyaje.

Bibi yako,
Mwanahamisi