Kizingiti cha Peugeot ya Mujomba Chishimba

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 14 Julai 2025

Mpendwa mufyala wangu Daniella, mtoto wa mjomba,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mwanao Précieux. Habari ya Charleroi? Habari ya nyonga yako, na baridi ya huko ambayo mama yako anasema inakuingia mpaka kwenye mifupa? Huku tuko wazima. Presha ya mama yako, Mama Régine, imeshuka, anatembea mpaka kanisani bila kusimama njiani, na bado ananiita mvivu kila Jumatatu. Mimi ni Zéphirin yuleyule mwenye maneno mengi, ila meno mawili yamepungua.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi. Nimempa padri wetu, Abbé Paulin, anayekuja huko kwa masomo, kwa sababu simu zangu huzipokei tangu tulipomzika baba yako, Mujomba Chishimba, na sasa ni miaka miwili. Sikulaumu. Siku ile wazee walipokaa kwenye parcelle, pale uani kwenu, wakasema gari la marehemu ni la mpwa wake, yaani mimi, kwa kawaida ya ukoo wetu wa upande wa mama, nilikuona unasimama, unachukua fimbo yako, unatoka bila kuaga mtu. Ilinipasa nikufuate. Nilibaki nimeshika funguo kama mjinga, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Tarehe 30 Agosti tunamaliza matanga. Unampigia mama yako kila Jumapili, lakini akigusia habari ya kuja unabadilisha mazungumzo. Yeye hakusukumi, ila mashuka ya chumba chako ameyafua mara mbili. Ninataka uje, Daniella. Ndilo ombi langu katika barua hii nzima, hayo mengine ni maneno ya kunipa ujasiri.

Nianze na gari. Tangu Pasaka nimekuwa nikiitengeneza ile Peugeot 404, ili siku ya kumaliza matanga isimame uani kama ilivyokuwa enzi za mwenyewe. Injini haikunisumbua. Kilichonisumbua ni alumini: calandre, yaani ule wavu wa mbele, zile baguettes, mikanda myembamba ya ubavuni, na vizingiti, yaani vile vibati virefu ambavyo mtu anavikanyaga akiingia mlangoni. Vyote vilikuwa vimefifia, vina madoa meupe kama vimemwagiwa chokaa.

Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na tano nayeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria. Nikajiambia alumini ni alumini tu. Nikaviloweka vyote katika soda kali, ile ambayo akina mama wanapikia sabuni, nikasugua kwa majivu, nikapiga msasa, nikamalizia kwa kitambaa mpaka calandre ikawa unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nilijisifu mtaa mzima. Mama yako alitoka nje, akaiangalia kwa muda, akasema: "Inangaa sawa sufuria ya ndoa." Nilidhani ananisifu.

Sasa jambo ambalo mkono wangu haupendi kuliandika. Kizingiti cha mlango wa kulia, upande wako, kilikuwa na mikwaruzo mirefu, yote imeelekea upande mmoja. Nilijua ni ya nini. Ni chuma cha mguu wako, kile ulichovalishwa baada ya polio, kilichokuwa kinaburuzika pale kila asubuhi baba yako akikupeleka shuleni. Nikawaza: Daniella akija, asizikute tena alama hizi. Nikazifuta, Daniella. Siku mbili nzima, kwa mikono yangu, kwa upendo, mpaka pakawa laini kabisa. Nilifikiri ninakuondolea huzuni. Nisamehe.

Mama Régine alipoona alikaa chini palepale kwenye vumbi, na kitenge chake cha kanisa. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kisha alinituma nipande darini juu ya chumba chao, nishushe kitu kirefu kilichofungwa kwa magazeti. Kilikuwa kizingiti cha 404, kipya, hakijakanyagwa hata siku moja.

Hapo ndipo aliponieleza. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, fundi mmoja alisema mbele yako kwamba mtoto huyu anaharibu gari, ukalia njia yote mpaka nyumbani. Baba yako akaagiza kizingiti kipya kutoka Ndola ili usilie tena. Kilipofika alikigeuzageuza mikononi, akakifunga tena, akakipandisha darini. Mama yako akamuuliza mbona hakifungi kwenye gari. Akajibu: "Ile iko njia ya mutoto wangu. Nikiifuta, atapita wapi?" Tangu siku hiyo kila mwosha magari aliambiwa pale pasiguswe. Mimi sikuambiwa, maana hakuna aliyefikiri kwamba siku moja muuza sufuria atarithi gari.

Ninakuandikia haya kwa sababu najua ulichokuwa unaamini. Uliniambia mwenyewe, mwaka ule wa diploma yako, kwamba baba alikuwa anazunguka gari mbio kukufungulia mlango ili watu wasipate muda wa kukutazama ukipanda. Nilimuuliza mama yako. Akanishangaa sana. Alisema baba yako alikuwa anakimbia ili usisimame juani.

Wiki mbili sikuligusa gari. Nikipita uani nilikuwa natazama pembeni. Mwishowe mama yako alinipa kile kizingiti cha darini, akaniambia nitazame vizuri alumini ya gari lile ilivyokuwa ilipotoka kiwandani, halafu nirudishe vingine vyote kuwa hivyo. Nilikitazama. Hakikuwa kinang'aa hata kidogo kama nilivyofanya mimi. Kilikuwa na weupe mpole, wenye kijivu kidogo, na juu yake kuna ngozi ngumu ambayo ukiikwaruza kwa ukucha haisikii. Ngozi hiyo ndiyo niliyoila kwa soda yangu. Miaka ishirini na tano ya alumini, na sikujua kwamba inaweza kuwa na ngozi.

Aliyeniokoa ni Donat, mume wa dada yangu Deborah. Anafanya kazi kule mgodini Kinsevere, kwenye jumba ambamo shaba inatolewa ndani ya asidi kwa umeme. Nilipomweleza alicheka kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema: "Kwetu courant inavuta shaba. Wewe utaigeuza, ivalishe alumini ngozi yake." Tukapasua pipa la plastiki kwa urefu, tukatia maji na asidi ya betri, mabamba ya madini ya risasi pembeni, na kipande chetu kikaning'inia katikati kwa waya, kimeunganishwa na chargeur ya betri. Dakika arobaini. Halafu unakisuuza na kukichemsha katika maji safi, ili ngozi ijifunge.

Mara ya kwanza tulifanya saa sita mchana, maji yakapata moto, ngozi ikatoka kama unga. Mara ya pili umeme ukakatika katikati ya kazi na baguette ikawa na rangi mbili, huku nyeupe huku kijivu. Donat akasema tungoje baridi ya Julai na tuanze alfajiri. Tukangoja. Na kabla ya kuingiza chochote nilikuwa nakipiga msasa laini kwa maji na sabuni, kuelekea upande mmoja tu, polepole, mpaka ule mng'ao wangu wa sufuria ukaondoka. Kufuta kiburi chako mwenyewe ni kazi ya mabega, mufyala. Lakini calandre ilipotoka majini juzi, mama yako aliiwekea mkono, akaenda kutupikia bukari, ugali wetu, na samaki.

Jambo lingine. Mwezi uliopita nilirudi kwa wazee. Nikawaambia gari si langu. Sitakudanganya, nililitaka. Nilipokuwa kijana nilikuwa nalitazama likipita na wewe ndani, nikiona wivu, na sikuwaza kwamba na wewe ungependa kutembea kwa miguu kama mimi. Mzee Bwalya alikasirika, akasema ninavunja kawaida ya mama zetu. Nikamjibu kwamba kawaida imenipa gari, basi ni langu, na mwenye kitu anaweza kumpa dada yake. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakakubali. Karatasi za gari sasa zina jina lako. Hata usipokuja ni lako. Sikununui.

Wanakusalimu Deborah, Donat, mtoto wao Nono ambaye sasa ananipita urefu, na Mzee Bwalya aliyekwisha kupoa. Mama Régine anasema umletee kahawa na usimletee viatu vingine, miguu ni miwili tu. Mpe Précieux mkono kwa niaba yangu, na umwambie mjomba wake wa Katuba si mbaya, ni mjinga kidogo tu. Bafyala tuna ruhusa ya kutukanana, basi najitukana mwenyewe kabla hujaanza.

Mungu akulinde katika ngazi na barafu za huko, na akulainishie moyo kwa upande wangu.

La mwisho. Mama yako alikataa tufunge kile kizingiti kipya, kimerudi darini. Cha zamani, cha mlango wa kulia, nimekifunga mahali pake, lakini hicho peke yake sikukitia majini. Donat alinifokea kwamba bila ngozi alumini ni laini mno, kitakwaruzika siku ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, ndicho ninachotaka. Ukishuka uwanja wa ndege nitakuwa nimekufungulia mlango wa gari. Ingiza mguu wako na chuma chake, polepole unavyotaka, na usiuinue.

Ni mimi mufyala wako nikupendaye, hata usiponijibu,

Zéphirin