Mwaka na Nusu Bila Mimba

Sirari, Jumanne usiku

Upasuaji wa kupunguza uzito niliutaka ili nipate mtoto, na leo daktari anasema nikishafanyiwa Ijumaa nisishike mimba mpaka mwaka na nusu upite, mwili utulie kwanza. Mengine nilishayakubali: wiki za supu na uji mwepesi, kisha chakula kidogo kidogo, na vidonge vya vitamini maisha yote.

Hili bado sijalikubali.

Mama mkwe amekuja kutoka Nyansurura ili aniuguze nikitoka hospitali. Jioni nilimkuta jikoni anasonga ugali, nikamweleza. Akaendelea kusonga.

"Basi Marwa aoe mwingine," akasema. "Atuzalie wakati wewe unapona."

Hakuwa na hasira. Alisema kwa upole, kama mtu anayenitua mzigo.

Marwa mwenyewe, mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Nilimtazama, nikingoja aseme neno. Akauliza kama ugali umeiva.

Nikienda hospitali Ijumaa, ataoa. Nisipoenda, mtoto hapatikani, na ataoa vilevile.